Nusu Saa ya Sista

Wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya hospitali, barua mkononi, nikilia kwa furaha kwenye bega la mtu nisiyemjua. Mtu mwenyewe, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa amekuja kusoma mita ya maji. Alinivumilia vizuri.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa sabuni, nirudie kwa ufupi. Mimi ni fundi saa. Mtaani wananiita Sekunde. Nina mke, nina kibanda cha kazi chenye kioo mbele, na nina binti mmoja wa miaka tisa ambaye sote tunamwita Kasuku, kwa sababu hajawahi kusikia neno akalinyamazia. Mlango mmoja wa moyo wa Kasuku umebana. Akipanda ngazi tatu midomo inageuka rangi. Daktari bingwa wa ugonjwa huo anakuja hospitali yetu mara mbili kwa mwaka, siku tatu tu, halafu anaondoka. Ile barua ilisema safari hii jina la Kasuku limo.

Siku ya barua nilimuuliza kwa simu, "Daktari, na tukisubiri safari yako ijayo?"

Akanijibu, "Miezi sita siwezi kukuahidi."

Nikaikunja barua mara nne, nikaitia mfukoni.

Basi furaha yangu ilidumu siku mbili. Aliyeikatisha ni mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii, na kwa kuwa nilimwahidi mhariri kwamba sitaficha kitu, leo natoboa.

Ilikuwa Jumanne mchana. Sista mkuu wa wodi yetu alikuwa mapumzikoni. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu visivyotoa sauti, na wodi nzima iliviogopa viatu hivyo kwa sababu hujui viko wapi. Siku hiyo havikuwepo. Tulipumua.

Kasuku alikuwa amekaa kitandani na mrija wake wa oksijeni puani. Akatazama saa yangu ya mkono. Akatazama saa ya ukutani, ile ya duara iliyo juu ya kabati la dawa. Akarudi kwenye mkono wangu.

"Baba, ile saa inasema uongo."

Mtoto huyu alijua kusoma saa kabla hajajua kuandika jina lake. Nilitazama. Kweli bwana, saa ya wodi ilikuwa mbele. Nusu saa. Nusu saa kamili, si dakika ishirini na nane wala thelathini na mbili.

Hapa ndipo fundi mwenye akili angejiuliza swali. Saa mbovu haiharibiki kwa adabu namna hiyo. Saa mbovu hukimbia leo, hulala kesho, husimama keshokutwa. Inayokaa mbele nusu saa bila kuyumba ina mtu aliyeiweka hapo. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, na swali hilo halikunijia hata kwa mbali.

"Itengeneze, baba."

"Si yetu, mama."

"Lakini inadanganya! Wewe ulisema saa inayodanganya ni bora isimame."

Nilisema. Kibandani kwangu nimeliandika kwa rangi nyekundu.

Na niseme jingine, maana leo ni siku ya kusema. Wiki tatu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda kile sina kazi wala faida. Wauguzi wanapita na sindano, mke wangu anamwogesha, anamlisha, anamsuka nywele. Mimi nashika mkoba. Usiku namsikia mwanangu anavyotafuta pumzi na siwezi kumtafutia. Moyo wake siwezi kuufungua nikaupuliza vumbi. Saa naweza. Kitu kimoja ndani ya jengo lile kilikuwa kinaniita mimi na si mtu mwingine, na aliyekuwa ananiomba ni yeye.

Nikapanda juu ya kiti.

Zamu ilikuwa ya sista mgeni, msichana mwenye wiki moja tu wodini. Badala ya kunishusha akanishikia kiti. Nikaishusha saa, nikarudisha mishale nyuma nusu saa, nikaipangusa kioo, nikaitundika.

"Asante sana, baba," alisema sista mgeni. "Watu kama nyinyi ni wachache."

Ni wachache kweli, na sasa najua ni kwa nini. Kasuku alipiga makofi mpaka akakohoa. Mke wangu alikuwa amekwenda kufua, hakuona kitu. Nililala usingizi wa mtu aliyesaidia.

Jumatano ndiyo ilikuwa zamu ya Kasuku. Sista mkuu alirudi kazini alfajiri, akakuta dripu moja imevuja na mtoto mmoja anatapika, akaingia moja kwa moja kwenye shughuli. Simu za wauguzi hufungiwa kwenye droo wakati wa kazi. Yeye ndiye aliyeweka sheria hiyo. Kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa saa ya ukutani: kuoga kwa saa ya ukutani, sindano ya usingizi kwa saa ya ukutani, sahihi yangu kwenye fomu kwa saa ya ukutani. Nilijivunia. Nilimwona kila mtu akiinua macho kuitazama saa yangu.

Saa mbili kamili tukasukuma kitanda cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Mlangoni kulikuwa na kitanda kingine.

Juu yake alilala mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, mashavu yamejaa, amelala fofofo. Alitoka wodi ya ghorofani. Baba yake alikuwa amesimama kando, kofia kifuani.

"Mmefika saa ngapi?" sista mkuu aliuliza.

"Dakika nne zilizopita," alijibu muuguzi wa ghorofani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa.

Mlango ukafunguliwa. Wakamwingiza yule wa mashavu. Ukafungwa.

Baba yake akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu, leo Mungu katuona. Wodi yenu kila siku inatutangulia. Jana tumetanguliwa, safari iliyopita tulitanguliwa siku zote tatu. Sijui leo mmechelewa nini!"

Nikamwambia hongera. Ungesema nini wewe?

"Basi tutafuata sisi," mke wangu alimwambia sista mkuu.

"Hatufuati, mama," alisema sista. "Mtoto akitoka humo anahitaji kitanda cha chumba cha mahututi. Vitanda ni viwili, kimoja kina mtoto wa jana. Kilichobaki ni kimoja. Aliyetangulia mlangoni akiwa tayari ndiye mwenye kitanda. Ndiyo sheria yao."

Kasuku, sindano ikiwa imeanza kumlegeza, akauliza, "Nimeshapasuliwa?"

"Bado, mama," nilimwambia.

"Mbona haraka hivi?" akasema, akalala.

Tukarudi wodini. Sista mkuu alisimama katikati ya wodi, akainua macho ukutani. Akafungua droo, akatoa simu yake, akaitazama. Akaitazama saa. Akaitazama simu.

"Nani amegusa saa yangu?"

Sauti yenyewe ilikuwa ya chini. Watoto waliokuwa wakilia walinyamaza.

Sista mgeni alikuwa zamu ya jioni, hayupo. Wa kwanza kuulizwa akawa mama wa usafi, mwanamke mtu mzima ambaye kila Jumanne hupanda ngazi kupangusa vumbi juu ya makabati.

"Ni wewe?"

"Mimi hapana, sista."

"Nani mwingine anapanda huko juu?"

"Wallahi si mimi, sista. Mimi hata kuisoma siijui vizuri."

"Nitakuhamisha. Unanisikia? Nitakuhamishia nje ukafagie majani."

Mimi hapo nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Nilijiambia nitasema, ngoja apoe kwanza. Mama wa usafi ndiye aliyekuwa akimletea Kasuku vifuniko vya chupa vya kuchezea. Nilijiambia nitasema jioni. Nilijiambia mengi.

Ndipo sauti ikatoka kitandani, nzito kwa usingizi lakini imejaa majivuno:

"Baba yangu ndiye aliyeitengeneza! Ilikuwa inadanganya!"

Mke wangu aligeuka polepole. Tumeoana miaka kumi na mbili, najua kugeuka kwake kwa aina zote. Aina hii ilikuwa mpya.

"Saa ya jikoni kwetu," alisema, "imesimama tangu mwaka juzi."

Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Nimekuomba mwaka mzima. Ukasema betri. Nikanunua betri. Ukasema mshale. Ya watu, ambayo hujaombwa, ukaipandia kiti."

"Niliombwa," nilisema. "Mtoto aliniomba."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu ilikuwa jibu baya kuliko yote niliyoweza kutoa. Mke wangu alimtazama Kasuku, akanitazama mimi, akaenda kusimama dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikuthubutu kumfuata.

Sista mkuu alimwomba radhi mama wa usafi, mbele ya wote, jambo ambalo nilisikia halijawahi kutokea. Kisha akanivuta nyuma ya kabati la dawa.

"Baba Kasuku. Ile saa niliiweka mbele mimi. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Sikujua, sista."

"Najua hukujua. Ungejua ungeuliza. Wodi ya ghorofani wako karibu na lifti, sisi tuko mwisho wa korido. Walikuwa wanatutangulia kila mara. Nimewazika watoto wangu kwa dakika tano, baba Kasuku. Kwa dakika tatu. Nikapanda kiti hiki hiki. Tangu siku hiyo hatukuwahi kutanguliwa, mpaka leo."

"Na wa ghorofani?" Swali lilinitoka tu.

"Wa ghorofani wana sista wao," alisema. Halafu akaniwekea kiti chini ya saa. "Panda."

Nikapanda. Mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiharibu saa iliyo nzima kwa makusudi. Nilisukuma mshale mbele nusu saa. Kasuku alikuwa macho. Alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipoteremka hakuniuliza kitu. Mjue basi ilikuwa siku ya namna gani.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho ya daktari.

Tulimwacha Kasuku bila chakula tangu alfajiri, kwa matumaini tu. Daktari alikuja wodini mwenyewe, mzee mrefu mwenye kuinama kidogo, mpole kiasi cha kukufanya uone aibu kumchukia.

"Shikamoo, daktari," Kasuku aliwahi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayezungumza?"

"Ndiyo mimi."

Akamsikiliza kifua muda mrefu. Mrefu mno. Alipomaliza hakutabasamu, na akaja upande wetu.

"Mtoto wa juzi anaendelea vizuri. Atahamishwa, kitanda kitakuwa wazi saa tatu na nusu. Kabla ya hapo mashine hazimwachii, na bila kitanda kilicho wazi siruhusiwi kuanza."

"Alhamdulillahi!" alisema mke wangu.

"Subiri, mama. Huyu ni saa mbili mezani, na saa moja ya kumkalia nihakikishe. Saa sita kamili lazima niwe njiani kwenda uwanja wa ndege. Saa tatu ikipita sijashika kisu, sishiki. Siwezi kumfungua mtoto halafu nimwachie mwingine."

"Nusu saa tu, daktari," mke wangu alisema. "Ni nusu saa tu."

"Kila hospitali ninayokwenda inabaki nusu saa tu, mama. Kesho asubuhi kwingine wananisubiri watoto wanane. Ndege ni hiyo moja."

Nikahesabu kidole kwa kidole. Kitanda saa tatu na nusu. Kisu mwisho saa tatu. Kilichopungua kilikuwa nusu saa, si dakika ishirini na nane wala thelathini na mbili. Nusu saa ile ile niliyomrudishia nani sijui siku ya Jumanne, nikashukuriwa.

Daktari aliinua mkono kutazama saa yake. Akaitikisa. Akaiweka sikioni.

"Imesimama," alisema. "Tena leo."

"Baba yangu ni fundi saa!" alisema Kasuku.

Nani mwingine angesema?

"Kweli, fundi? Hebu niangalizie. Hii ndiyo pekee ninayofuata. Simu naiacha kwenye gari, inanivuruga."

"Na ya kule chumba cha upasuaji ilikufa mwaka jana," sista mkuu aliongeza, macho yake yakiwa kwenye dripu ambayo haikuwa na shida yoyote. "Huko ndani wote humuuliza daktari."

Alisema hivyo tu, akaendelea kuitazama dripu.

"Naenda kumwona mgonjwa mmoja hapo mwisho, narudi," alisema daktari. "Ukimaliza, ilinganishe na hiyo ya ukutani." Akaitazama saa ya ukutani, akashtuka. "Loo! Saa mbili na dakika ishirini tayari?"

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Mimi nilijua, sista alijua, mke wangu alijua, na Kasuku alijua. Tuliona aibu wanne kwa pamoja na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilitoa lenzi na bisibisi mfukoni. Ilikuwa saa nzuri ya zamani, ya kutia ufunguo. Ndani yake kulikuwa na uzi mmoja wa pamba, mwembamba, umejikunja kwenye gurudumu. Niliutoa kwa kibanio. Ikaanza kutembea mara moja, tik tik tik, ikilia sawasawa. Ugonjwa wake wote ulichukua dakika tatu. Nilitamani kulia.

Nikavuta kile kijipini cha pembeni cha kurekebishia mishale.

Nikiilinganisha na ukuta, daktari atajiona amechelewa zaidi, na mambo yamekwisha. Nikiiweka kwenye saa ya kweli, tumepungukiwa nusu saa. Nikiirudisha nyuma nusu saa, kitanda kitapatikana, kisu kitashikwa, na Kasuku atapata saa zake zote tatu za daktari bila kupunjwa hata dakika. Kitakachopotea ni ndege. Ndege, na watoto wanane ambao sijawaona sura. Kila mmoja ana baba yake anayeshika mkoba.

Niliwafikiria. Naapa niliwafikiria. Halafu nikamtazama mmoja niliyemjua, midomo yake rangi ile ile, nikarudisha mshale nyuma nusu saa.

Sikuona fahari wala hofu. Niliona kwamba fundi aliyekuwa kibandani kwangu miaka ishirini na mbili amefunga duka.

Nilipoinua kichwa, Kasuku alikuwa ananitazama mkono.

"Baba..." alianza.

"Nyamaza, mama," alisema mke wangu. Alikuwa amekuja kusimama karibu yangu bila mimi kujua. Akanishika mkono juu ya kiwiko, mara ya kwanza tangu jana, akakaza vidole.

Daktari alikuwa amerudi. Alipokea saa, akaiweka sikioni, akatabasamu.

"Fundi kweli wewe! Inalia kama mpya." Akaivaa. Akaitazama. Akainua macho ukutani. Akaitazama tena. "Ajabu. Hii inasema saa moja na dakika ishirini na tano. Ile inasema saa mbili na dakika ishirini na tano. Zinapishana saa nzima!"

Sista mkuu alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama vyangu, visivyo na kamba.

Daktari hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwinamia Kasuku kama babu anayetaka kucheka na mjukuu.

"Haya, binti wa fundi. Nimesikia wewe saa unaijua sana. Hebu niambie wewe: kati ya hizi mbili, ipi inasema kweli?"

Vidole vya mke wangu vilizama kwenye mkono wangu.

Kasuku aliitazama saa ya ukutani. Akaitazama saa ya mkononi. Akanitazama mimi, muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza tangu azaliwe.

Kisha akauvuta pembeni mrija wake wa oksijeni, ili asikike vizuri, akafungua mdomo. Alichosema mtakisoma wiki ijayo, kama gazeti lenu halitafungiwa sabuni.